Kidirisha Kisichofungwa

Mke wangu ni mtu wa kufunga. Tuanze hapo, maana bila hilo hamtanielewa. Kifuniko cha chupa ya mafuta anakikaza mpaka mimi, mwenye mikono ya kuvuta vitambaa vya makochi siku nzima, natoka jasho kukifungua. Kabati, droo, geti, mfuko wa sukari, vyote anafunga. Hata mdomo wangu ameujaribu mara kadhaa, ila huo ulimshinda. Kazini kwake walimpa jina la Bi Funga, naye akalipokea bila kinyongo. Alisema afadhali hilo kuliko la wale wanaoacha mambo yao nusunusu.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko chini, sisi tunaishi juu yake, kwa hiyo nyundo yangu inasikika mpaka jikoni. Nina hasira za karibu, zinapanda upesi na kushuka upesi. Nimelisema mapema ili mkinisikia nalaumu watu humu, mjue ni tabia, na mjue pia kwamba lawama kubwa nitajibebesha mwenyewe. Sina haraka ya kufika huko, lakini nitafika.

Alipokuwa msichana, mke wangu alianza kazi kama mchapaji katika ofisi moja ya kumbukumbu. Wenzake wakitoka kwenda kula, yeye alibaki akiuliza kwa nini dirisha hili linafunguka pale na si hapa. Hakuna aliyemjibu, akajifundisha. Mwaka ukapita, miwili, mitatu, akawa anaandika programu vizuri kuliko wale waliosomea. Ndipo akapata kazi aliyonayo mpaka leo, kazi ambayo nilimuuliza mara nne kabla sijaielewa.

"Tunatengeneza programu ya kuandikia programu," aliniambia.

"Yaani karakana."

"Eeh. Mwandishi wa programu anaingia humo, anakuta kila kitu: pa kuandikia, orodha ya mafaili pembeni, pa kuonyeshwa makosa chini. Mimi nahusika na hivyo vidirisha vya pembeni."

"Miaka yote hii unahusika na pembeni tu?"

Aliniangalia kwa huruma. "Baba Bosi, wewe kochi lako bila pembe linakaaje?"

Basi akanieleza kwamba kidirisha kina maisha. Kwanza kinaundwa, lakini hakijaonekana, kipo tu ndani ya kumbukumbu ya mashine. Halafu kinafunguliwa. Halafu kinaonekana. Halafu mtu anakigusa, kikawa ndicho kinachosikiliza vidole vyake. Akigusa kingine, hiki kinaacha kusikiliza, ila bado kipo. Kikifunikwa, kimefichwa tu, bado kipo na vitu vyake vyote. Mwisho kinafungwa, na baada ya hapo mashine inakuja kufagia.

"Na kila hatua ina kazi yake," alisema. "Ukikosea hatua, umeharibu. Ukikibebesha mzigo kwenye kuundwa, programu inachelewa kuamka. Ukisahau kukipumzisha kinapofichwa, kinaendelea kula nguvu na hakuna anayekiona."

"Kumbe kama binadamu."

"Binadamu hafungwi leo akafunguliwa kesho. Usinichanganyie mambo."

Usione vyaelea, vimeundwa. Tangu siku hiyo kila nikimwona mtu kwenye kompyuta anafungua na kufunga bila kufikiri, nasema moyoni, kuna mwanamke mahali fulani hakula mchana kwa ajili ya hicho unachokipuuza.

Sasa Bosi. Bosi ni binti yetu, ana miaka tisa. Tulimpa jina hilo kwa sababu nyumba nzima haitoki mpaka yeye awe tayari. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na madaktari wakatuambia taratibu, kidogo kidogo, jinsi watu wanavyomwambia mtu habari asizozitaka. Miguu haikuja. Usemi haukuja. Mkono wa kushoto umejikunja. Mkono wa kulia una ngumi, na ngumi hiyo inafanya kazi. Akili ipo yote, na nyingine ya akiba. Masikio yanasikia hata tunachonong'ona chumbani, na kuna siku nilitamani yasisikie.

Mama yake hakulia mbele yangu. Alichofanya ni kuleta nyumbani kile alichokuwa anakijua. Alimtengenezea mtoto kidirisha. Kinakaa kwenye kompyuta, kina vitufe vikubwa vyenye maneno, ukibonyeza neno, mashine inalisema kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua. Mimi nikatengeneza ubao wa mbao wenye ukingo wa sponji, nikatoboa tundu, tukaweka ule mpira wa kuongozea mshale. Bosi anauviringisha mpira kwa ngumi, mshale unakwenda, kisha anagonga kitufe cha kando. Siku ya kwanza aliyoniita "Baba" kwa sauti ile ya mafua, nilishuka karakanani nikajifanya natafuta misumari.

Mama yake aliweka maneno arobaini. Maji, chai, choo, usingizi, inauma, asante, ndiyo, hapana, na mengine ya namna hiyo. Miezi mitatu kabla ya haya ninayosimulia, akaongeza kitu kipya: alfabeti, na kitufe cha Weka. Sasa Bosi aliweza kutunga neno lake mwenyewe, herufi kwa herufi, na kuliweka kwenye kitufe. Na kila neno likawa na kitufe kidogo cha Futa, maana mtu lazima awe na ruhusa ya kubadili kauli.

Hapo ndipo nyumba ilipochangamka. Maneno ya mama yake yalikuwa ya kuomba; ya kwake yalikuwa ya kubishana. Kelele. Siyo hivyo. Ngoja. Najua. Tena. Baba kanuna. Hili la mwisho alilibonyeza mara nyingi kuliko haki. Mgeni akifika, nikiwa nimenyamaza tu na mambo yangu, mashine inasema, "Baba kanuna," na Bosi anacheka kwa mwili mzima mpaka kiti kinatikisika. Nilijifanya nachukia. Jamani, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Tatizo lilikuwa asubuhi. Kila nilipomweka mbele ya kompyuta saa kumi na mbili na nusu, hakutaka kunywa chai. Anaviringisha mpira, anagonga, anaviringisha, anagonga, saa nzima. Chai inapoa. Mama yake anachelewa basi. "Bosi, acha kuchezea hiyo kitu, kunywa," alikuwa anamwambia, na mtoto hageuki. Tukasema ukaidi. Mimi nikasema ameurithi, sikutaja kwa nani.

Mwezi huo shule moja ilikuwa imekubali kumfikiria. Shule ya kawaida, yenye watoto wa kawaida, umbali wa kusukuma kiti dakika ishirini. Tulikuwa tumekataliwa na tatu. Hii ya nne, mwalimu mkuu alituambia wazi: "Darasani hakuna msaidizi wa kumsemea. Nikiona anaweza kutunga maneno yake na kujibu mwenyewe, namchukua. Nikiona wazazi ndio wanaomsemea, siwezi." Usaili ukapangwa Alhamisi. Mama yake aliiandika tarehe ile kwenye karatasi tatu na kuzibandika sehemu tatu.

Ijumaa kabla ya wiki hiyo ikaja ripoti ya mwalimu wa usemi. Huyo tulikuwa tunampelekea Bosi mara moja kwa mwezi, mbali, tunatoka alfajiri kabla hata ya chai. Aliandika kwamba ameangalia faili la kidirisha. Maneno ni arobaini, yale yale ya mwanzo. Kwa miezi mitatu mtoto hajaongeza hata moja. Na nakala ya ripoti alikuwa ameshaituma shuleni.

Nilisoma, kichwa kikaniwaka. Nilisema mengi kuhusu yule mwalimu ambayo sitayarudia. Mama yake alikwenda kuichukua kompyuta karakanani, maana nilikuwa nimeshaizima na kuiweka kwenye chaji, akaileta mezani kwa Bosi, akaiwasha, akafungua faili. Arobaini. Akahesabu kwa kidole. Arobaini.

"Lakini tunayasikia," alisema. "Baba kanuna. Siyo hivyo. Tumeyasikia wote."

"Tumeyasikia."

"Sasa yako wapi?"

Akamgeukia mtoto. Na hapa sitamtetea, kama ambavyo yeye hajitetei. Alikuwa amechoka, alikuwa na hofu, na hofu ikimkaa mtu vibaya inatoka kama ukali. "Bosi, unayafuta?"

Mtoto akabonyeza, "Hapana."

"Yanajifuta yenyewe? Kitufe cha Futa nimekiweka mimi, najua kinavyofanya kazi. Unayafuta kwa mchezo?"

"Hapana."

"Usinidanganye, Bosi. Ni maisha yako haya tunayoyapigania."

Bosi alimtazama. Kisha akauviringisha mpira mpaka kwenye kitufe kikubwa cha Ficha, akagonga, maneno yote yakajikunja pembeni, skrini ikabaki tupu. Jumamosi hakusema neno. Jumapili hakusema neno. Chai alikunywa mapema, akamaliza, akakaa. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikajikuta natamani mtu aniambie nimenuna.

Jumapili jioni mama yake alikaa kitandani na viatu mkononi. "Nimemwita mwanangu mwongo," alisema. "Mtoto ana maneno arobaini, nami nimeyatumia yangu yote kumwita mwongo."

"Muombe msamaha."

"Nitamuombaje kabla sijajua kosa liko wapi? Nitasema samahani huku moyoni bado namshuku. Atajua. Huyo anajua kila kitu."

Basi akafanya anachofanya kazini. Kidirisha kikimsumbua, anakiandikia kitoe taarifa kwenye kila hatua ya maisha yake: nimeundwa, nimefunguliwa, nimeonekana, nimeguswa, nimeachwa, nimefichwa, nimefungwa. Taarifa zinajipanga kwenye faili pamoja na saa. Anasema mtu anayebishana na programu bila taarifa anabishana na ukuta.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini. Akaaga kama kawaida, akashuka ngazi kwa kishindo, kisha akavua viatu na kurudi juu polepole. Alisimama ukumbini, mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja. Mimi nilikuwa nimeshamweka Bosi mezani, nikajibanza nyuma ya mke wangu.

Bosi alitazama huku na huku. Akadhani mama ameondoka. Akakiibua kidirisha kutoka pembeni. Maneno arobaini. Akaanza.

S. Ngumi inaviringisha mpira, mshale unapita herufi, unarudi, anagonga. I. Y. Mate yanamtoka kwa jinsi alivyokaza shingo. O. Dakika karibu mbili kwa neno moja. Siyo hivyo. Weka. Halafu N. Ngoja. Weka. Halafu kelele. Halafu najua. Mama yake alinishika mkono, kucha zikaniingia. Hatukusogea. Kuanzia saa kumi na mbili na dakika arobaini mpaka saa moja na dakika thelathini na tano, mtoto yule alitunga maneno thelathini na moja, na chai pembeni yake ikapoa. Alipomaliza akagonga la mwisho kulijaribu. "Baba kanuna," ilisema mashine, chumbani peke yake.

Kumbe ndiyo kazi ya kila asubuhi. Kila asubuhi anaamka anayakuta hayapo, naye anayatengeneza upya ili awe na kitu cha kutuambia. Thelathini na moja kwa sababu hayo ndiyo ambayo saa moja inaweza kubeba. Na siku zile za kwenda kwa mwalimu wa usemi tulitoka alfajiri, hakupata hiyo saa, kwa hiyo mwalimu aliona arobaini na kusikia arobaini. Hakudanganya.

"Lakini yanakwenda wapi?" mke wangu alinong'ona. Alikuwa analia bila sauti, machozi tu. "Yanakwenda wapi, Baba Bosi?"

Jioni ndipo alipojua. Nilipanda kama siku zote kuichukua kompyuta nikaichaji karakanani, maana plagi ya juu imelegea. Bosi alikuwa amekificha kidirisha na kulala. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuwashia, nikakikandamiza mpaka skrini ikawa nyeusi. Ndivyo ninavyoizima. Nilipoinua macho mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama kidole.

"Kila siku unafanya hivyo?"

Nilikumbuka mwanzoni kabisa aliniambia, usiizime kwa nguvu, funga kwanza vilivyo ndani, halafu zima. Nikasema sawa. Na moyoni nikasema, kilichozimika kimezimika. Fundi mzima, ninayemfokea mteja akikalia kochi kabla gundi haijakauka.

"Kila siku," nikasema.

Aliiwasha tena, akafungua taarifa zake. Zilikuwa zimejipanga: kimeundwa, kimefunguliwa, kimeonekana, kimeguswa, kimefichwa. Baada ya hapo hakuna kitu. Kufungwa hakukuwepo. Akakaa chini sakafuni.

"Kazi ya kuhifadhi maneno nimeiweka kwenye kufungwa," alisema. "Kidirisha kikifungwa ndipo kinaandika maneno kwenye faili. Nimeweka hapo kwa sababu… kwa sababu nani anaacha kitu bila kukifunga?" Akacheka kicheko kibaya. "Wateja wa watu nimewaandikia kila hatua. Mwanangu nikamwandikia kama ninavyoishi mimi."

"Nami ndiye niliyezima."

"Wewe ulizima. Mimi ndiye niliyejua kwamba umeme unakatika, betri zinakufa, waume hawasikii, na bado nikaweka pale."

Nilitaka kubishana nipunguze kosa lake, nikaona hapana, linatutosha sote. Alikaa kwenye mashine, akarekebisha: neno likiwekwa tu, palepale linaandikwa kwenye faili, lisisubiri hatua yoyote. Ilimchukua chini ya robo saa. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumanne asubuhi hakwenda kazini mapema. Alikaa sakafuni mbele ya kiti cha Bosi, uso wake chini ya uso wa mtoto. "Mwanangu, ulisema kweli. Hukufuta. Maneno yalikuwa yanapotea kwa kosa langu, nami nikakuita mwongo. Nisamehe."

Bosi hakuwa na neno la kujibu hilo. Kati ya arobaini halikuwemo, na ya kwake yalikuwa yamekufa jana kwa kidole changu. Ikabidi alitunge. N. A. Mpira ukamponyoka, akaurudisha. Niliona mkono wa mke wangu ukitaka kumsaidia, na niliona alivyoukalia. J. U. A.

"Najua," ilisema mashine.

Aliyaweka yote siku hiyo, tukidhani ni kwa mara ya mwisho. Ilipofika saa nne, ndipo mama yake alipomuuliza kwa upole, "Mbona hukuwahi kukifunga? Hata siku moja?"

Jibu lilichukua muda mrefu, neno hili, herufi zile. "Nilifunga. Mara moja. Kitufe cha kufungua kidogo. Mkono haufiki. Baba kelele. Saa nyingi."

Mimi nililielewa kabla mama yake hajalielewa. Siku ile. Nilikuwa chini nagonga misumari, redio juu, kochi la watu watatu la kukabidhi kesho yake. Nilipopanda alasiri nilimkuta ameloa, ameinamisha kichwa, nikadhani amelala. Nikamwosha huku nikinung'unika kwamba maji na choo si yapo pale mbele yake. Kumbe hayakuwepo. Alikuwa amekifunga kidirisha kama mama yake alivyomfundisha, na kitufe cha kukifungua tena kilikuwa kidogo, kwenye kona, mshale hautui juu yake. Akakaa bila neno hata moja mchana mzima, ananisikia nikiimba na redio. Tangu hapo akala kiapo chake: kuficha, kwa sababu kilichofichwa kinaacha ukingo mpana pembeni wa kukiibulia. Kufunga, kamwe.

Nilimpiga busu kichwani. "Baba kanuna," akasema. Hapo nikalia hadharani, na sitaki mtu aniulize.

Jioni nilifunga kila kitu kwa utaratibu, moja moja, ndipo nikazima. Jumatano asubuhi nikamweka mezani, nikamfungulia kidirisha kwa kile kitufe kidogo; mama yake alikuwa ameshaondoka kwa shingo upande. Bosi akaweka ngumi juu ya mpira tayari kwa kazi. Ngumi ikasita. Alitazama skrini muda mrefu. Hakuviringisha. Simu yangu ikaita.

"Yapo?" mama yake aliuliza. Sauti ya basi ilikuwa nyuma yake.

Nikaisogeza simu karibu na mashine. Bosi akatunga herufi nne. "Yapo," ilisema sauti ya mafua. Upande wa pili nikamsikia abiria mmoja anamuuliza mke wangu kama yuko salama.

Alhamisi tulikwenda wote watatu, nguo zimepigwa pasi. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akasoma ripoti ya mwalimu wa usemi tena mbele yetu. Kisha akaomba aone orodha ya maneno. Mke wangu akamwonyesha kwa furaha: sabini na mawili, pamoja na lile la Jumatano. Mwalimu mkuu akavaa miwani, akasogea.

"Pembeni ya kila neno kuna tarehe," alisema.

"Ndiyo, ya siku lilipowekwa."

"Haya arobaini ni ya zamani. Haya thelathini na moja yote ni ya Jumanne ya juzi. Na hili moja la jana." Alivua miwani. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Mama, mimi pia ni mzazi. Naelewa mtu kutaka mtoto aonekane tayari. Lakini nilisema nataka maneno yake."

Nikaona mke wangu anafungua mdomo. Najua alichotaka kusema: kuundwa, kufunguliwa, kufichwa, kwamba kuhifadhi kuliwekwa hatua isiyofaa. Yote kweli, na nilisikia jinsi yatakavyosikika. Hasira zangu zikapanda, nikashika mkono wa kiti. Alhamisi yetu ilikuwa inatuponyoka.

"Mama, ngoja," ilisema mashine.

Tukageuka. Bosi alikuwa amekaza shingo. "Baba. Mama. Nje."

"Bosi, subiri nimweleze mwalimu…"

"Siyo hivyo. Nje."

Mwalimu mkuu alitutazama, akatuonyesha mlango kwa kiganja. Tukatoka.

Ukumbini kulikuwa na benchi fupi. Mke wangu alikaa, akasimama, akafunga dirisha, akakaa. Kengele ya mapumziko ililia, watoto wakamwagika, wakarudi darasani. Dakika kumi. Ishirini. Nilitega sikio mlangoni, nikasikia mashine ikisema kitu, kisha kimya kirefu, kisha kitu. "Hawamuulizi maswali," nilisema. "Wanafanya nini humo?" Nusu saa. Dakika arobaini na tano. Mke wangu alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, na nilijua anahesabu kila hatua aliyowahi kuiandika katika maisha yake.

Saa nzima ilikuwa imeshapita mlango ulipofunguliwa. Mwalimu mkuu alitoka na miwani mkononi, macho mekundu.

"Ameyafuta," alisema. "Yale thelathini na moja na lile la jana. Moja baada ya jingine, mbele yangu. Nilimwambia asifanye, hakunisikiliza. Kisha akaanza kuyaandika upya." Akafuta miwani. "Kwenye la kumi nilimwambia yatosha, nimeamini. Akasema ngoja. Ameyarudisha yote, mama. Hakuniuliza hata herufi."

Mke wangu akasimama kutoka kwenye benchi.

"Jumatatu aje saa moja na nusu," mwalimu mkuu alisema. "Meza tutaipandisha kidogo ili kiti kiingie."

Tuliingia. Bosi alikuwa ameegemea nyuma, nywele zimelowa jasho kipajini, ngumi bado juu ya mpira, ukingo wa sponji wa ule ubao umelowa. Mama yake alipiga magoti akamfuta uso kwa upindo wa kitambaa chake.

"Umechoka, mama yangu?"

Bosi aliviringisha mpira taratibu mpaka kwenye alfabeti. Lilikuwa neno jipya. Tulisubiri wote watatu, mwalimu mkuu naye amesimama mlangoni, na hakuna aliyemsaidia.

"Nimezoea," ilisema mashine.